Usafi wa wodi dhidi ya bakteria sugu: mwongozo kamili kwa wanaosafisha na wanaowasimamia

Kaa wodini asubuhi moja bila kushika kazi nyingine, ufuate kwa macho kipima presha kimoja tu. Kinavikwa mkono wa mgonjwa wa kwanza, kinavuliwa, kinatupwa juu ya shuka la wa pili, kinavikwa tena, kinasukumwa na stendi yake hadi kitanda cha tatu. Kufikia saa nne kimeshakumbatia mikono kumi na miwili, mmojawapo una kidonda kinachotoa usaha, na hakuna aliyekipangusa hata mara moja. Muuguzi anajua hiyo ni kazi ya mhudumu wa usafi. Mhudumu wa usafi ameambiwa tangu siku ya kwanza asiguse vifaa vya matibabu. Wakati huohuo sakafu imepigwa deki mara mbili na inang'aa mpaka unajiona sura.

Mkaguzi akipita ataisifu sakafu. Bakteria naye yuko kwenye kipima presha, anasubiri mkono wa kumi na tatu.

Nimeandika haya kwa ajili ya mtu anayeshika kitambaa, na zaidi kwa ajili ya anayempangia kazi, kwa sababu makosa mengi ninayoyaeleza hapa huanzia kwenye mpango, siyo kwenye mkono.

Kwanza, mjue unayepambana naye

Bakteria sugu ni wale ambao antibayotiki za kawaida haziwaui tena. Wanaosumbua zaidi hospitalini ni Staphylococcus aureus sugu kwa methisilini, maarufu kama MRSA. Enterokoki sugu kwa vankomisini, yaani VRE. Na kundi la kina Klebsiella, Acinetobacter na Pseudomonas waliozishinda hata karbapenemu, dawa ambazo madaktari huziweka akiba kwa ajili ya mgonjwa aliyeshindikana kwa nyingine. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kuwa mwaka 2019 peke yake watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya usugu huu. Na mgonjwa mara nyingi huwapata bakteria hawa hapohapo alipokwenda kutibiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa kwa matibabu ya dharura au ya muda mfupi, 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata walau ambukizo moja la hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7.

Sasa jambo linalohusu kitambaa chako. Wengi hudhani bakteria akitoka mwilini hufa baada ya dakika chache. Staphylococcus aureus, pamoja na MRSA, anaweza kuishi kwenye chuma kikavu cha kitanda kuanzia siku 7 hadi miezi 7. Enterokoki hukaa siku 5 hadi miezi 4, Acinetobacter siku 3 hadi miezi 5. Ndiyo maana mgonjwa anayelazwa kwenye chumba alichotoka mwenzake mwenye bakteria sugu huwa katika hatari kubwa zaidi ya kumpata bakteria yuleyule, ingawa hawajawahi kuonana.

Habari njema ni moja, na ndiyo mhimili wa mwongozo huu wote: usugu wa antibayotiki si usugu wa klorini. MRSA aliyeishinda methisilini hufa kwa klorini ileile, kwa kipimo kilekile, kama ndugu yake asiye sugu. Huhitaji dawa ya ajabu wala harufu ya kuchoma macho. Unachohitaji ni kitambaa safi kinachofika mahali alipo, dawa iliyopimwa, na muda wa kuiacha ifanye kazi. Mara nyingi tunashindwa kwenye kufika.

Hatua ya 1: Kila kitu kiwe na mwenyewe

Kabla ya kununua hata ndoo moja, chukua karatasi, zunguka wodi pamoja na mkuu wa wodi na mtu wa usafi, muandike kila kitu kinachoguswa: nani anakisafisha, kwa dawa gani, mara ngapi. Mtashangaa mtakavyobishana. Mashine ya kupitisha dripu ni ya nani? Stendi yake je? Kiti cha magurudumu kinachozurura baina ya wodi tatu? Kompyuta ya kituo cha wauguzi, simu ya mezani, kidude cha kidoleni cha kupimia oksijeni?

Mgawanyo ambao nimeona unadumu ni huu: vifaa vilivyounganishwa na mwili wa mgonjwa, au vyenye umeme na vipimo, ni vya wauguzi; samani, kuta, sakafu, vyoo na sinki ni vya wahudumu wa usafi. Vifaa vinavyohama kutoka mgonjwa hadi mgonjwa hupanguswa na yule aliyevitumia, palepale, kabla havijahamia kitanda kingine, kwa hiyo lazima dawa na vitambaa vya kupangusia viwe vimening'inia kwenye stendi yenyewe. Ukiviweka kabatini mwisho wa korido, sheria hiyo imeshakufa.

Karatasi hiyo ibandikwe ukutani. Kitu kisicho na jina la mwenyewe ndicho kitakachokuangusha.

Hatua ya 2: Mtayarishe mtu kabla ya ndoo

Mhudumu wa usafi anashika damu, usaha na choo cha watu wagonjwa, na katika hospitali nyingi ndiye aliyepata mafunzo machache kuliko wote. Apewe mafunzo ya kuonyeshwa kwa vitendo, siyo kusomewa. Apate chanjo ya homa ya ini aina ya B kabla hajaanza. Apewe glavu nzito za mpira, aproni isiyopitisha maji na viatu vilivyofunika mguu wote. Akichanganya dawa au kusafisha panaporuka majimaji, aongeze miwani ya kinga na barakoa.

Afundishwe pia kwamba sindano iliyoangukia shukani haiokotwi kwa vidole. Hutumika koleo, na sindano huenda moja kwa moja kwenye boksi la vitu vyenye ncha kali. Akichomwa, aoshe pale kwa maji na sabuni bila kukamua, na atoe taarifa saa ileile: dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo na zisivuke saa 72. Msimamizi anayemkaripia aliyechomwa anawafundisha wengine wote kuficha.

Na glavu. Hizi zinadanganya kuliko hata sakafu. Mtu akishazivaa huhisi mikono yake ni salama, naye anatoka chooni nazo, anafungua kitasa, anasogeza meza ya mgonjwa. Glavu hubadilishwa kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine kama kitambaa kinavyobadilishwa, na zile nzito huoshwa na kutakaswa. Zikivuliwa, mikono inaoshwa.

Hatua ya 3: Pima klorini, usikisie

Klorini ndiyo inayotumika sehemu nyingi, na ndiyo inayokosewa zaidi. Kuna vipimo viwili vya kukariri. Asilimia 0.1 ni ya kutakasa vitu na nyuso za kawaida. Asilimia 0.5 ni ya damu na majimaji mengine ya mwili yaliyomwagika.

Hesabu yake: chukua asilimia iliyoandikwa kwenye chupa, igawanye kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja. Jibu ni vipimo vya maji kwa kila kipimo kimoja cha dawa. Chupa ya asilimia 5 ukitaka 0.5: tano gawa kwa nusu ni kumi, toa moja ni tisa. Kikombe kimoja cha dawa, vikombe tisa vya maji. Chupa hiyohiyo ukitaka 0.1: vikombe 49 vya maji, au mililita 200 za dawa ndani ya maji lita 9.8 upate ndoo ya lita 10. Chupa ikiwa ya asilimia 3.5, utatia maji vipimo 6 kupata 0.5, na 34 kupata 0.1. Ukiwa na unga wa asilimia 70, gramu 7 kwa lita moja zinakupa 0.5, gramu 14 kwa lita 10 zinakupa 0.1.

Weka kikombe cha kupimia kilichofungwa kamba kwenye ndoo na uchore mstari wa lita kumi kwa ndani. Kizibo cha chupa si kipimo, na "tia mpaka inukie" ndiyo kauli iliyoharibu vyuma vya vitanda vingi bila kuua kitu cha maana.

Mambo mengine ya klorini kwa haraka. Tumia maji baridi, maana ya moto huiharibu. Changanya mpya kila siku, andika saa, na ikifika saa 24 mwaga. Jua likiipata, hufa mapema zaidi. Chupa iliyokaa sana stoo haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala kitu chenye amonia, hata mkojo mwingi uliomwagika, kwa sababu inatoa gesi inayoweza kumuua mtu kwenye choo kisicho na dirisha. Usiipulize kwa bomba hewani: haifikii unapotaka na inaumiza mapafu ya mgonjwa na yako.

Aina nyingine za dawa za kutakasa zipo na zinafaa, mradi ufuate lebo. Angalizo moja: zile zinazoitwa kwa Kiingereza quaternary ammonium (kwa kifupi quats), ambazo hupendwa kwa sababu hazichubui chuma, hunaswa na nyuzi za pamba, ukajikuta unapangusa kwa maji matupu. Na usiongezee dawa mpya juu ya mabaki ndani ya chupa ileile. Pseudomonas na Serratia wameshakutwa wakiishi ndani ya chupa za dawa zinazojazwa juu kwa juu. Chupa ikiisha, ioshe, ikauke, ndipo ujaze.

Hatua ya 4: Kitanda kimoja, mwanzo hadi mwisho

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami nitakwenda polepole.

Kwanza sabuni, halafu dawa. Klorini ikikutana na ute, damu iliyokauka au masalia ya uji, humalizika kwa kupambana na uchafu huo kabla haijamfikia bakteria. Tena bakteria wanaokaa muda mrefu mahali pakavu hujijengea utando unaowafunika. Utando huo hauyeyuki kwa kulowanishwa. Hutoka kwa kusuguliwa. Mkono wako, kwa kweli, unafanya nusu kubwa ya kazi inayosifiwa dawa. Baada ya sabuni, pitisha kitambaa cha maji safi, kwa sababu mabaki ya baadhi ya sabuni hupunguza nguvu ya klorini.

Chukua kitambaa safi kilicholowa bila kudondosha maji. Kikunje katikati, ukikunje tena katikati. Umepata pande nane za kupangusia, kila moja ikiwa na ukubwa wa kiganja. Upande ukishatumika, geuza. Nane zikiisha, kitambaa kinaingia kwenye mfuko wa vichafu. Hakirudi ndoo. Nalirudia kwa sababu nimeliona mno: anayechovya kitambaa kilichotumika ndani ya ndoo ya dawa ameigeuza ndoo kuwa mchuzi, na kuanzia kitanda cha pili anawapaka wagonjwa bakteria wa kitanda cha kwanza. Chota vitambaa safi vya kutosha asubuhi, viloweshe kwenye dawa, uvitoe kimoja kimoja. Kama huna vitambaa vya kutosha kwa vitanda vyote, hilo ndilo tatizo la kumpelekea mkuu wa hospitali, kabla ya lingine lolote.

Msalimie mgonjwa, mwambie unafanya nini. Anza kwa kisicho kichafu sana uende kwa kichafu zaidi, juu uje chini, na uzunguke upande mmoja bila kurudi nyuma ili usiruke kitu. Swichi ya taa na ya ukutani. Kengele ya kumwitia muuguzi pamoja na waya wake wote, maana mgonjwa huikamata kwa waya. Meza ya kulia: juu yake, na ukingo wa chini ambao vidole huushika inapovutwa. Kabati la pembeni, hasa mkono wa droo. Stendi ya dripu pale inaposhikwa, usawa wa kifua. Kiti cha mgeni: sehemu za kuegemeza mikono, ambazo karibu kila mtu huzisahau na kusafisha pa kukalia. Mwishoni vyuma vya pembeni mwa kitanda. Hapa badili kitambaa. Pangusa juu, kisha upande wa ndani, na chini ya chuma, kule vidole vinapojikunja wakati mgonjwa anapojivuta kuinuka. Ukipitisha kitambaa juu tu, umesafisha sehemu inayoonekana na kuacha inayoshikwa. Kisha kitasa au mpini wa kupandishia kitanda, miguuni.

Sasa acha pakauke penyewe. Dawa inaua kwa muda, na lebo yake itakuambia dakika ngapi. Muda wote huo sehemu hiyo inatakiwa ibaki imelowa. Pakikauka baada ya nusu dakika, kitambaa kilikuwa kimekamuliwa mno. Anayefuata nyuma kwa kitambaa kikavu "kupendezesha" anaiondoa dawa kabla haijafanya kazi. Chuma kilichopakwa klorini mara kwa mara kipanguswe baadaye kwa maji ili kisile kutu, maana kutu hutengeneza mashimo na mashimo hufuga vijidudu.

Stethoskopu, kipimajoto na vifaa vidogo hutosheka na spiriti ya asilimia 70. Haifai kwa meza na godoro: hukauka upesi mno, tena inashika moto.

Hatua ya 5: Mara ngapi, na kwa mpangilio upi

Sehemu zinazoguswa sana katika wodi ya kawaida, angalau mara moja kwa siku na kila zikionekana chafu. Kwa wagonjwa mahututi, angalau mara mbili, kwa kuwa pale mikono ya wahudumu haipumziki na mgonjwa ana mipira inayoingia mwilini. Vyoo vya kushirikiana angalau mara mbili. Mimi ningesema mara tatu, na zaidi kwenye wodi yenye kuharisha. Chumba cha upasuaji kabla ya mgonjwa wa kwanza, baada ya kila mmoja, na siku ikiisha.

Wodi huanza kwa wagonjwa wa kawaida, kisha vyumba vya waliotengwa, na vyoo mwisho. Vitambaa na ndoo viwe na rangi zake ili cha chooni kisionekane kamwe juu ya meza ya chakula. Rangi zipi, chagueni wenyewe. Kinachodhuru ni kila zamu kuwa na rangi zake.

Sakafu nitaipita haraka, ingawa najua ndiyo inayosifiwa. Usifagie kwa ufagio mkavu wodini, vumbi hupanda na bakteria hupanda nalo. Piga deki kwa sabuni, ndoo ya sabuni mbali na ya kusuuzia, ukitoka kona ya ndani kuja mlangoni. Badili maji yakichafuka, na badili kichwa cha deki kati ya chumba kimoja cha waliotengwa na kingine. Dawa ya kutakasa sakafu iachiwe vyumba vya kutengwa, chumba cha upasuaji na palipomwagika damu. Kama watu ni wawili na saa ni moja, mmoja asipige deki mara ya pili, apewe kitambaa.

Damu ikimwagika, usiipige deki. Vaa kinga, funika kwa karatasi au kitambaa cha kunyonya, uzoe kilichonyonywa ukitupe kwenye taka za maambukizi, safisha kwa sabuni, kisha mimina klorini ya asilimia 0.5, subiri dakika 10, suuza.

Hatua ya 6: Mgonjwa mwenye bakteria sugu, na siku anayoondoka

Maabara ikileta jibu, mhudumu wa usafi lazima aambiwe. Inasikitisha ni mara ngapi daktari anajua, muuguzi anajua, na anayeingia na ndoo hajui. Si lazima ajue ugonjwa wa mtu. Inatosha alama mlangoni inayosema vaa gauni na glavu, chumba hiki mwisho, vifaa vyake havitoki. Kipima presha na kipimajoto cha mgonjwa huyo vibaki kwake mpaka siku ya mwisho.

Akiondoka, alama isitolewe mlangoni. Itolewe baada ya usafi wa mwisho kukamilika, maana kitanda kikiwa tupu kila mtu anakitaka. Toa taka zote na vitu visivyoweza kusafishika: sabuni ya mche, karatasi za kufutia, vifaa vya kutumika mara moja vilivyokwisha funguliwa. Shuka zikunjwe polepole kuelekea ndani, zisikung'utwe. Pazia la kuzunguka kitanda lishushwe likafuliwe, kwa sababu linashikwa na kila anayeingia na karibu halifuliwi. Kisha fuata njia ya hatua ya nne ukiongeza kuta palipoguswa au kurukiwa, magurudumu ya kitanda, na fremu yote chini ya godoro.

Godoro lenyewe lisafishwe pande zote mbili. Litazame kwenye mwanga, upitishe kidole kwenye mishono na zipu. Likiwa na ufa hata wa ukucha, majimaji yameshaingia kwenye sponji, na hakuna kitambaa kitakachofika huko. Libadilishwe jalada au litupwe. Chumba kikauke kabisa ndipo mgonjwa mpya aingie.

Mgonjwa mwenye Clostridioides difficile, anayeharisha baada ya kutumia antibayotiki nyingi, ana kanuni yake. Bakteria huyu hujifunga kwenye spora, yaani ganda gumu la kujikinga, ambazo spiriti haiziui. Kitakasa mikono cha spiriti hakitoshi. Mikono ioshwe kwa sabuni na maji, na chumba kisafishwe kwa klorini kali au dawa nyingine iliyoandikwa kuwa inaua spora.

Hatua ya 7: Sinki, mahali tunapodhani ni pasafi

Tundu la sinki hufuga Pseudomonas na Klebsiella sugu ndani ya utelezi wake, na bomba likimwaga maji moja kwa moja juu ya tundu, matone huruka. Kwa hiyo dripu, sindano zilizotayarishwa na vyombo vya mtoto mchanga visikae karibu na sinki. Acha angalau mita moja au weka kizuizi.

Sinki la kunawia mikono ni la mikono. Usimwage humo maji ya kumwogeshea mgonjwa, mkojo, mabaki ya antibayotiki kwenye dripu, chai wala maziwa. Sukari na maziwa huwalisha bakteria. Antibayotiki huwafundisha usugu. Viende kwenye sinki la maji machafu au vitupwe kwa utaratibu wa taka za dawa.

Unaposafisha, anza na kishikio cha bomba, kisha bomba, kisha bakuli la sinki, tundu mwisho, na kitambaa hicho kisiende popote tena. Anayesugua tundu halafu akapandisha kitambaa kwenye bomba amempandisha bakteria mahali ambapo daktari atashika baada ya kunawa. Kumimina klorini tunduni husaidia kwa siku chache, utelezi hurudi. Sinki lisilotumika au lililoziba liripotiwe, lisizoeleke.

Hatua ya 8: Safisha kinachosafisha

Fungua chumba cha vifaa vya usafi usiku. Ukikuta deki limelala ndani ya ndoo yenye maji ya jioni, umepata chanzo. Vitambaa na vichwa vya deki hufuliwa kila siku, mbali na nguo nyingine, kwa maji ya moto; nyuzi joto 70 kwa dakika 25 zinatosha. Pasipo maji ya moto, vifuliwe kwa sabuni na kuloweshwa kwenye klorini, kisha vianikwe. Kukauka ni sehemu ya usafi, kwa sababu unyevu ndio unaowazalisha. Ndoo zioshwe na zipinduliwe. Deki lianikwe kichwa juu.

Hatua ya 9: Kagua kwa kitu kingine zaidi ya macho

Macho huona vumbi na hayaoni bakteria. Njia rahisi kuliko zote ni rangi ya kung'aa isiyoonekana kwa mwanga wa kawaida. Msimamizi anapita kimya kimya, anatia vidoa vidogo kwenye vyuma vya kitanda, kengele, mkono wa droo, kitasa cha choo, kishikio cha bomba. Kesho yake anapita na tochi ya mwanga wa urujuani: kidoa kilichobaki, kitambaa hakikufika. Hospitali za Marekani zilipoanza kupimwa hivi miaka ya 2000, karibu nusu ya sehemu zilizowekwa alama zilikutwa hazijaguswa. Baada ya mafunzo na kuwaonyesha wahudumu matokeo yao, kiwango kilipanda hadi zaidi ya robo tatu. Kipo pia kipimo cha ATP, kijiti unachopitisha juu ya meza na mashine ikakupa namba. Hicho kinapima mabaki ya vitu vyenye uhai kwa jumla, kwa hiyo kitumie kulinganisha wiki na wiki, usikiite kipimo cha bakteria.

Je, inaleta tofauti kwa mgonjwa? Utafiti wa REACH ulifanyika katika hospitali 11 za Australia, kwa mambo haya haya: mafunzo, mpangilio wa kusafisha, dawa inayofaa, ukaguzi wa vidoa na mawasiliano baina ya usafi na wodi. Maambukizi ya VRE yalipungua kwa asilimia 37. Maambukizi mengine mawili yaliyofuatiliwa hayakupungua kwa uhakika, na ni vizuri uyajue hayo kabla hujaahidi miujiza kwenye kikao: kunawa mikono na matumizi mazuri ya antibayotiki vinaendelea kudai sehemu yao.

Ukikuta kidoa hakijaguswa, usianze kwa kuuliza nani. Simama pale na mhusika, mwombe akuonyeshe alivyosafisha. Mara moja tulikuta kidoa cha kengele ya kitanda kilekile kimebaki siku nne mfululizo, na kila zamu ilikuwa na mtu wake. Tulipovuta kitanda ndipo tukaona: waya ulikuwa mfupi, kengele ikaangukia nyuma ya kabati, hakuna mkono ungeifikia bila kusogeza kabati, na kabati lilikuwa na gurudumu moja lililokufa. Mgonjwa alikuwa akiita kwa kugonga chuma cha kitanda kwa kijiko. Fundi alileta gurudumu na waya mpya, na kidoa cha wiki iliyofuata kilikuwa kimefutika.